Macho Manne Kati ya Manane: Picha za Buibui na Lenzi Iliyogeuzwa

Hata kama hulijui jina la mpigaji, picha yenyewe huenda umeshaiona. Buibui mwenye manyoya anakutazama uso kwa uso. Macho mawili makubwa katikati, meusi, yanang'aa kama shanga zilizotoka kuoshwa. Mengine mawili madogo pembeni. Juu yake vishungi vya nywele vimesimama kama nyusi za mzee aliyeshtuliwa usingizini. Nyuma hakuna kitu, rangi tupu tu. Ni buibui jike wa spishi ya Phidippus mystaceus, wa Amerika Kaskazini, na aliyempiga (picha, siyo kandambili) ni Thomas Shahan wa Oklahoma, Marekani.

Shahan alianza kutundika picha zake mtandaoni mwishoni mwa muongo wa 2000, na zilisambaa haraka. Kilichowashangaza watu zaidi ya buibui ni vifaa. Hakuwa na lenzi ya bei mbaya iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo. Alikuwa na lenzi ya kizamani ya milimita 50, ya kawaida kabisa, imefungwa nyuma mbele kwenye kamera ya Pentax. Mirija mitupu ya kuisogeza lenzi mbali na kamera. Na flashi iliyofunikwa kwa kitu cha kutengeneza nyumbani ili mwanga ulainike. Basi, ni hivyo tu. Wanafunzi dunia nzima wakasema: kumbe inawezekana!

Inawezekana kweli. Lakini pamoja na vifaa, watu walichukua na mtindo: uso, macho, nyuma patupu. Sasa mtindo huo umefika hadi kwenye simu zetu zenye vilenzi vya kubana, na mimi nadhani umeanza kutudhulumu. Picha zinazidi kuwa nzuri na buibui anazidi kutoweka ndani yake.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Kugeuza lenzi siyo ujanja wa mtaani tu, ni fizikia safi. Lenzi ya kawaida imetengenezwa kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali, tuseme ukumbi wa harusi, na kukifinya kiingie kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kibao kinachopokea mwanga, ambacho kwenye kamera nyingi za wanafunzi kina upana wa milimita 24 hivi. Geuza lenzi hiyohiyo nyuma mbele, itafanya kazi kinyume: kitu kidogo kilicho karibu kinatandazwa kikubwa. Mirija inaongeza zaidi. Hesabu yake nyepesi. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa milimita 50 mbele ya mahali pake pa kawaida, kitu kinatua kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi. Hapo buibui wa milimita 8 anachukua theluthi moja ya upana wa picha. Ukikuza mara mbili, anachukua theluthi mbili, na sasa unaanza kuhesabu nywele.

Gharama unailipa kwenye mwanga na kwenye fokasi. Ukikuza mara mbili, mwanga unaofika kwenye kihisi unashuka hadi sehemu moja ya tisa. Na kina cha fokasi, ile sehemu inayoonekana kwa ukali, kwa tundu la f/8 kinabaki kama robo ya milimita. Robo ya milimita! Jicho likiwa safi, kiuno hakipo. Huwezi kuokoa jambo kwa kubana tundu zaidi na zaidi, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno unatawanyika na picha nzima inalegea. Fokasi ya kujiendesha nayo haipo, waya zake umezigeuzia upande wa buibui. Kwa hiyo mpigaji anapata fokasi kwa mwili wake: anainama, anazuia pumzi, anasogea mbele na nyuma kwa kiasi cha unene wa ukucha, sentimita chache kutoka kwa mnyama aliye hai.

Hapa ndipo ninapowapenda hawa watu wa kuungaunga. Kifaa cha namna hii hakikuruhusu kuwa mbali. Na buibui warukaji, jamii inayoitwa Salticidae, ndio karibu buibui pekee watakaokurudishia mtazamo. Ukimsogelea anageuka kukukagua. Tuwe wa haki basi: ile picha ya uso kwa uso siyo uvumbuzi wa Shahan peke yake, nusu yake ni tabia ya mnyama mwenyewe.

Kuhusu mwanga, huna haja ya kumuuliza mpigaji alitumia nini. Tazama ndani ya macho. Macho ya buibui ni kuba ndogo za kioo, na kila chanzo cha mwanga kimejichora humo. Ukiona nukta nyeupe yenye kingo kali, hiyo ni flashi tupu. Ukiona dirisha pana lenye kingo laini, kuna karatasi au kitambaa cheupe kimetandwa karibu sana na mnyama. Katika picha nyingi za waigaji unaona nukta kali, halafu manyoya yote yamegeuka nyeupe kama yamemwagiwa chumvi. Shahan alilielewa hili mapema kuliko wengi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuliko hata lenzi. Lenzi kugeuza ni dakika moja. Mwanga ndio unaochukua miezi.

Mwanga huo tena unabadilisha hata kile tunachokiita rangi. Phidippus audax, ndugu wa yule wa kwanza, ana taya zinazometa kijani. Kijani hicho hakitokani na rangi iliyopakwa, kinatokana na umbo dogo sana la tabaka za juu linaloakisi mwanga, kama pua la mafuta juu ya maji, na linabadilika kufuatana na pembe ya mwanga. Kwa hiyo kijani unachokisifia kwenye picha ni nusu ya buibui na nusu ya karatasi iliyofunika flashi. Picha chache sana hukuambia hivyo.

Sasa ukungu, yaani ile sehemu isiyo na fokasi. Wapigaji wengi wanauchukulia kama adui. Siku hizi wanapiga picha kumi, thelathini, hata mia, kila moja fokasi ikiwa imesogea kidogo, kisha programu inachagua sehemu kali za kila moja na kuzirundika ziwe picha moja. Buibui anatoka mkali kuanzia macho hadi ncha ya tumbo. Kwa sampuli iliyokufa iliyo maabara, hiyo ni zana ya thamani na sina ugomvi nayo. Kwa mnyama hai aliye porini naona inatoa sanamu. Na kuna kichekesho cha kisayansi hapa ambacho sijawahi kuona kikitajwa chini ya picha hizo.

Mwaka 2012, watafiti wa Japani wakiongozwa na Takashi Nagata walichapisha kwenye jarida la Science jaribio kuhusu Hasarius adansoni, buibui mrukaji anayeishi majumbani katika nchi nyingi za joto. Retina ya yale macho makubwa mawili ina tabaka nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Tabaka mbili za ndani zaidi zote zinapokea mwanga wa kijani, lakini moja tu kati yake inapata taswira iliyo kwenye fokasi. Nyingine daima inapata taswira yenye ukungu. Kwa nini kiumbe awe na tabaka lisiloona sawasawa? Kwa sababu kiasi cha ukungu kinategemea umbali. Buibui analinganisha taswira hizo mbili na kujua aruke kiasi gani. Watafiti walipowaweka kwenye mwanga mwekundu, ambao unavuruga hesabu hiyo, buibui waliruka wakaishia njiani kabla ya kumfikia mdudu.

Yaani ukungu ule tunaoufuta kwa programu ndio rula ya mnyama tunayempiga picha. Ndiyo maana napendelea zile picha za Shahan ambamo jicho liko kali na miguu ya nyuma inayeyuka. Bado unajua kuwa kuna mbele na nyuma, na kwamba kitu hiki ni kidogo sana na wewe uko karibu mno. Kwenye picha iliyorundikwa yote, buibui wa milimita 5 na ng'ombe wanaweza kulingana.

Twende kwenye uso wenyewe. Mwaka 1943 Konrad Lorenz aliandika kuhusu zile sura zinazotufanya tuone kitu ni kitoto: kichwa kikubwa, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo. Picha ya buibui mrukaji kutoka mbele inazigusa karibu zote. Inafanya kazi, sikatai. Watu waliokuwa wakipiga kelele wakiona buibui sasa wanasema "jamani, kazuri!" Kwa Marekani na Ulaya, ambako hofu ya buibui ni kikwazo kweli, huo ni ushindi wa elimu.

Lakini hesabu macho kwenye picha. Manne. Chini yake maelezo yanasema buibui ana macho manane, na msomaji anatakiwa aamini tu. Manne mengine yako juu na nyuma ya kichwa, na ndiyo yanayomwezesha kuona kitu kikisogea kutoka ubavuni na hata mgongoni. Makubwa ya mbele yanaona kwa undani lakini eneo jembamba sana, kama tochi. Kwa hiyo picha inayodai kutuonyesha jinsi buibui anavyoona imekata nusu ya uoni wake. Tumepewa yale macho yanayotufanana na sisi.

Kilichokatwa kingine ni jina. Salticidae wana spishi zaidi ya 6,000. Orodha ya dunia ya buibui wote ilipita spishi 50,000 mwaka 2022, na aliyetimiza idadi hiyo alikuwa mrukaji kutoka Amerika Kusini, Guriurius minuano. Katika umati huo, uso mara nyingi hautoshi kumtambua mtu. Mtaalamu anataka mgongo wenye michoro yake, ubavu, vipapasio vya dume (maana ndivyo anavyotumia kupandisha, na kila spishi ina umbo lake), na kwa jike anataka sehemu ya chini ya tumbo. Anataka pia ukubwa. Mara ngapi umeona picha nzuri ajabu, maoni mia chini yake, na mtaalamu mmoja mpole anaandika: "Una nyingine iliyopigwa kutoka juu?" Mpigaji hana.

Kwetu hasara hii ni kubwa zaidi. Pwani wengi wamekua wakikatazwa kumuua buibui kwa sababu ya kisa cha pango la Thaur, na hata asiye na sababu ya dini humwacha buibui wa ukutani ajifanyie kazi zake. Wapo wanaomwogopa, ndiyo, lakini hatuhitaji sana kubembelezwa tumpende. Kinachopungua ni kumjua. Hivi wewe ukiangalia ukuta wa jua saa tano asubuhi, yule wa kijivu anayekimbia na kusimama, akikimbia na kusimama, ni nani? Huenda ni Menemerus bivittatus. Huenda ni Plexippus paykulli. Huenda siyo wote wawili.

Na mfano mkali kuliko wote uko kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2003 Wanda Wesołowska na Robert Jackson waliandika rasmi maelezo ya spishi mpya ya mrukaji, Evarcha culicivora, mwenye urefu wa milimita 5 hivi. Miaka miwili baadaye Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune, katika utafiti uliofanyika Mbita Point nchini Kenya, walionyesha jambo lisilo la kawaida: buibui huyu anachagua mbu jike aliyeshiba damu kuliko mbu asiye na damu na kuliko wadudu wengine. Hawezi kukuuma akanyonya damu yako, kwa hiyo anaichukua kwa mbu. Tafiti zilizofuata za Fiona Cross na Jackson zilionyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa, yaani harufu ya binadamu, na kwamba mlo wa damu humfanya anukie vizuri zaidi kwa mwenzi. Sisemi ataondoa malaria, na usimbebeshe mzigo huo. Nasema ni mmoja wa wanyama wa ajabu kabisa wa ukanda huu, na anaishi kwenye kuta za nyumba za watu.

Sasa mpige Evarcha kwa mtindo wa uso kwa uso. Utapata uso mwekundu, macho makubwa, nyuma patupu. Kazuri. Lakini utakuwa umekosa kila kitu! Vijana wadogo wa spishi hii wana mbinu maalumu ya kuwinda mbu wa Anopheles, ambaye hupumzika akiwa ameinua tumbo juu. Kibuibui kinazunguka, kinakuja kwa nyuma, kinapita chini ya tumbo lile lililoinuka na kumkamata mbu kwa chini. Hiyo haionekani kutoka mbele. Inaonekana kutoka ubavuni tu, ukuta ukiwa ndani ya picha, mbu akiwa ndani ya picha, na tumbo la mbu likionekana kama ni jekundu au jeupe. Picha hiyo hata ikiwa na ukungu na nukta mbaya ya flashi kwenye macho, kwangu ina thamani kuliko nyuso mia.

Nchini Australia, Jürgen Otto alilionyesha hili vizuri kwa buibui tausi wa jenasi ya Maratus. Vifaa vyake havikuwa vya kuokoteza kama vya Shahan, lakini tazama alichochagua kuonyesha: dume wa milimita chache anayeinua pazia la rangi juu ya tumbo, anapunga miguu ya tatu, anacheza mbele ya jike ambaye pengine atamla. Alipiga picha na video za ngoma nzima. Kisha yeye na David Hill wakachapisha maelezo ya spishi mpya kadhaa. Urembo haukupungua kwa sababu ya taarifa.

Niseme kidogo kuhusu mambo yanayofichwa. Si picha zote za buibui mtulivu ni za subira. Wapo wanaomweka mnyama kwenye friji hadi azubae, wapo wanaomdondoshea matone ya maji kichwani yaonekane umande, na wapo wanaopiga aliyekwisha kufa. Wanaomchunguza Evarcha nao hupanga mambo: hutumia mbu waliokufa, waliosimamishwa katika mkao wa walio hai, ili mwendo wa mbu usiathiri uchaguzi wa buibui. Tofauti ni kwamba wao wameandika hivyo waziwazi kwenye sehemu ya mbinu. Mpigaji anayeandika "umande wa alfajiri" chini ya tone alilolidondosha kwa bomba la sindano anafundisha uongo juu ya mnyama, hata kama picha imeshinda tuzo.

Kwa mwanafunzi mwenye simu tu, vifaa havisumbui. Lenzi ndogo inayotolewa kwenye deki bovu ya DVD, ikibandikwa kwa selotepu mbele ya kamera ya simu, inakuza vya kutosha. Lenzi ya fundi saa inafanya vizuri zaidi. Mwenye kamera ya zamani atafute lenzi yenye pete ya kubadili tundu kwa mkono, kwa sababu lenzi nyingi za kisasa zikigeuzwa haziwezi tena kuamriwa na kamera: nyingine zinabaki wazi kabisa, nyingine zinajifunga. Kisambaza mwanga ni karatasi nyeupe ya kuokea au kipande cha dumu jeupe la maziwa, karibu na mnyama kadiri atakavyokuvumilia.

Uso piga, mbona ni mtamu. Ila kabla hajaondoka, piga na mgongo. Piga ubavu. Kama ana windo mdomoni, piga windo kwanza kabla hajalikimbiza kwenye ufa. Akishaondoka, weka rula au sarafu ya shilingi 200 palepale ukutani aliposimama na upige tena kwa umbali uleule bila kugusa fokasi. Andika tarehe, saa, na kama ukuta ni wa udongo, wa chokaa au wa bati. Ukiwa kando ya ziwa na ukimwona mwenye uso mwekundu kashika mbu, achana na macho yake. Tazama tumbo la mbu.